Baba yupo, mama yupo, mtoto hana mtu: familia kamili ni ipi hasa?

Mkazi_wa_Chanika (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Humu kila baada ya muda lazima uibuke uzi wa singo maza, na hoja ni ile ile: mtoto asiyelelewa na baba na mama chini ya paa moja ameshaharibika au yuko njiani. Sitaki kuufufua ule mjadala. Ninachoona ni kwamba tunahesabu waliomo ndani ya nyumba, hatuhesabu waliopo nje ya mlango.

Kwa kipimo cha humu nyumba yangu ni "familia kamili". Ndoa ya kanisani, watoto wawili, mke ana kazi, mimi nina kazi. Tulipomaliza kujenga tukahamia Chanika kama wengi waliokimbia kodi za mjini. Kabla ya hapo tulipanga Mwananyamala, nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, korido katikati, choo na bomba uwani. Kelele, foleni ya choo, ugomvi wa LUKU kila mwisho wa mwezi, yote tuliyaonja. Siku ya kuhama mke wangu aliimba njia nzima.

Sasa ona ratiba. Gari la shule linampitia mkubwa alfajiri, bado giza. Mimi na mama yake tunatoka muda huo huo ili tuwahi mjini, na tukirudi wadogo wa mtaa wameshalala. Mdogo anashinda na dada wa kazi na tivii. Ukuta mrefu, geti la chuma, mbwa. Jirani wa kulia simjui jina, namjua kwa gari lake.

Shule ikaleta fomu. Wanataka majina na namba za watu wawili, tofauti na wazazi, wanaoruhusiwa kumchukua mtoto ikitokea dharura. Fomu ikakaa juu ya friji. Ndugu zangu wako Mbeya, wa mke wangu wako Moshi. Wenzangu wa kazini wanajua mshahara umechelewa lakini hawajui kwamba mwanangu ana pumu na dawa yake ya kuvuta iko mfuko gani wa begi. Kanisani tunafika ibada ya kwanza, tunasalimiana, tunawahi kuondoka. Kule Mwananyamala ningeijaza nimesimama: mama wa chumba cha mbele, fundi cherehani wa barazani, basi.

Nisieleweke vibaya, hatukupendana na wapangaji wenzetu kiasi hicho. Wengine tulinuniana miezi. Lakini wazazi tulijuana: kwa mchezo wa kuchangiana hela kila wiki, kwa misiba, kwa kukopeshana gesi, kwa kugombana pia. Na kule kujuana kwetu watoto walikutumia bila kujua. Mwanangu akidondoka barabarani kuna mtu anamwinua na anajua ni wa nani. Akitukana, taarifa inafika nyumbani kabla yake.

Nyumba zetu zinazidi kupungua watu. Sensa ya 2022 ilituhesabu milioni 61.7, na wastani wa kaya ukawa watu 4.3, kutoka 4.7 ya mwaka 2012. Shangazi aliyekuwa akikaa sebuleni hayupo tena, na nadhani wengi tunashangilia kimya kimya.

Swali langu kwenu, mlio ndani ya ndoa na msio: leo ukilazwa ghafla, wewe na mwenzako kama yupo, mwanao anakula kwa nani usiku? Jibuni kwa ukweli, hakuna zawadi.

---

Kifimbo_cha_Mzee

Mkuu umezunguka mbali kukwepa jambo dogo. Ndoa ndiyo msingi. Wewe na mkeo mmechoka, sawa, lakini mpo. Huwezi kulinganisha na nyumba ambayo mtoto akiuliza baba anaonyeshwa picha kwenye simu. Majirani na michezo ni nyongeza. Tena nyuzi za namna hii zinawapa kichwa wanaojizalia makusudi halafu wakaita "jamii" iwasaidie.

---

Mama_Nasri

Kifimbo, shikamoo, kama ni mkubwa. Kama si mkubwa naichukua.

Mimi ndiye unayemsema. Nasri sikumzaa kwa makusudi wala kwa bahati mbaya, nilimzaa ndani ya uchumba ulioishia njiani. Nakaa Tandika, mama yangu nyumba ya tatu, dada yangu mtaa wa nyuma. Nina kikoba cha wanawake. Nasri asipoonekana chuoni, ustadhi ananiuliza kabla mimi sijajua kwamba hakwenda. Swali la mleta uzi mimi halinipi shida hata kidogo: mwanangu atakula kwa yeyote atakayemkuta anapakua.

Kinachoniuma mimi ni hela. Ada, sare, nauli, dawa. Mshahara mmoja ni mshahara mmoja, na ukiniambia mtoto wangu anapungukiwa nitakubali, lakini uliza kwanza anapungukiwa nini. Mara nyingi kinachoitwa kukosa baba ni kukosa kipato cha pili.

Na kuna kitu wanawake wenzangu hawapendi nikisema. Tukiachana na mwanaume tunafunga na mlango wa kwao wote. Bibi yule, shangazi wale, baba wadogo, wote wanafutwa siku moja. Mimi nilikataa. Baba yake nilimtoa moyoni, mama yake sikumtoa. Idi ya pili Nasri anakula kwao Mbagala kila mwaka, anarudi na kanzu na elfu tano tano mfukoni. Anawajua binamu zake. Hata baba yake akija siku hiyo, anakuja kama mgeni kwa mama yake, na mimi sina habari naye.

---

Kamachumu_Halisi

Mama Nasri umenigusa hapo kwenye hela, na utafiti uko upande wako kwa sehemu. Sara McLanahan, mwanasosholojia wa Marekani aliyetumia miaka mingi kwenye jambo hili hili, yeye na Gary Sandefur walionyesha mwaka 1994 kwamba watoto waliolelewa na mzazi mmoja kule kwao walikuwa nyuma kwa wastani, kumaliza shule na mengineyo, ila karibu nusu ya pengo hilo ilielezwa na kipato. Nusu iliyobaki wakaihusisha na muda na usimamizi wa mzazi, na kuvunjika kwa uhusiano na watu wa mtaani kwa sababu ya kuhamahama. Zingatia hilo la mwisho, wakuu. Talaka humhamisha mtoto, na anapohama anaacha watu.

Lakini Marekani ni Marekani. Mimi nimetoka Kagera, na sisi mambo haya tuliyasoma kwa makaburi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa kwetu mwaka 1983. Miaka kumi baadaye kulikuwa na migomba isiyo na mwenyewe na bibi wenye wajukuu wanane. Kati ya 1991 na 1994 watafiti walizifuatilia kaya zaidi ya 900 mkoani, wakarudi 2004 kuwatafuta watu wale wale, hadi waliohamia Mwanza na Uganda. Katika uchambuzi mmoja wa Kathleen Beegle na wenzake walichukua watoto 718 ambao mwanzoni walikuwa na wazazi wote wawili. Asilimia 19 walifiwa na mzazi mmoja au wote kabla ya kufika miaka 15. Waliofiwa na mama walikuja kuwa watu wazima wafupi kwa karibu sentimita 2 na wenye shule pungufu kwa karibu mwaka mmoja, ukilinganisha na wenzao.

Mimi namba hizi nazisoma kwa pande mbili. Upande mmoja, ukoo haukuweza kuziba pengo la mama, na tusijidanganye kwa kusema Mwafrika hana yatima. Upande wa pili, fikiria janga la ukubwa ule, mkoa maskini, hakuna msaada wa maana wa serikali miaka ile, na bado pengo likawa mwaka mmoja wa shule. Kuna watu walilishika. Bibi yangu ni mmoja wao, na alikuwa mkali kama pilipili.

Kuhusu bibi, huko kwetu Tanzania ndiko sayansi ilikowaona. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, Kristen Hawkes na wenzake walipima uzito wa watoto na saa za wanawake za kuchimba mizizi. Mama akiwa na mtoto mchanga, uzito wa yule aliyeachishwa ziwa ulikwenda sambamba na kazi ya bibi, si ya mama. Kule Gambia nako, takwimu za vijijini za 1950 hadi 1974 zilipochambuliwa na Rebecca Sear na Ruth Mace, bibi mzaa mama akiwa hai, watoto walionusurika walikuwa wengi zaidi. Uwepo wa baba haukuonyesha tofauti.

---

Kifimbo_cha_Mzee

Hahaha, kwa hiyo baba akafie mbele. Nilijua tutafika huko.

---

Kamachumu_Halisi

Hapana mkuu. Gambia ile ilipima jambo moja: mtoto mdogo kufa au kupona, kijijini, enzi ambazo chakula cha mtoto kilitoka mikononi mwa wanawake. Haikupima ada ya kidato cha tano wala nani atamweleza kijana wa miaka 15 kuhusu wanawake. Baba ana kazi. Ninachosema ni kwamba hata huko mwanzo kabisa mtoto hakuwahi kulelewa na watu wawili tu. Hiyo "baba, mama, watoto wawili, geti" ndiyo ngeni.

---

Mjukuu_wa_Newala

Kwetu Wamakonde swali la "baba yuko wapi" linakuja baada ya "mjomba wako nani". Ukoo unapita kwa mama, kama ilivyo kwa Wamwera, Wayao na Waluguru. Mimi baba yangu alikuwepo, alilima, alinipenda, lakini barua ya shule ilisainiwa na mjomba, jando alilisimamia mjomba, na nilipofanya ujinga wa ujana nilipelekwa kwa mjomba. Ndoa ikivunjika kwetu mtoto hahami ukoo. Mama anarudi kwao, ambako mtoto alikuwa wa huko tangu mwanzo.

Sisemi ni peponi. Mjomba akiwa mlevi umekwisha. Na wajomba wa siku hizi wako Dar, wana watoto wao, wanatuma elfu ishirini na salamu. Mfumo unadai mtu awe karibu kimwili, ukimweka mbali linabaki jina tu. Baba wengi wa Newala sasa wanabeba majukumu ya mjomba bila kupewa heshima ya mjomba, wanalalamika, na wana haki.

Nyumba ntobhu ya Wakurya ndiyo huwa inawachanganya watu wa "msingi ni baba na mama". Mwanamke asiye na mtoto wa kiume anaoa mwanamke mwenzake kwa mahari ya ng'ombe, watoto wanaozaliwa wanakuwa wa nyumba yake. Mzee Kifimbo, hiyo uiweke kundi gani?

---

Kifimbo_cha_Mzee

Hiyo niacheni nikanywe maji kwanza.

---

Sitaji_Jina_Leo

Nimesoma mpaka hapa naona mnausifu sana ukoo. Naomba niweke upande mwingine.

Mwaka 2009 ulifanyika utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto, UNICEF, CDC ya Marekani na Chuo Kikuu cha Muhimbili, ripoti ikatoka 2011. Karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18. Karibu robo tatu, wasichana kwa wavulana, walipigwa ngumi, mateke au mijeledi. Na waliotenda wengi hawakuwa majambazi wa gizani. Ni ndugu, ni jirani, ni mwalimu, ni mtu mwenye kukaribishwa chakula.

Mimi nimo katika hao 3. Nyumba yetu ilikuwa imejaa watu. Aliyekuja kulala sebuleni alikuwa ndugu, na mama alimshukuru Mungu kwa kupata mtu wa kuwaangalia watoto. Nilipokuja kusema, kikao kilikaa. Wazee waliheshimika, kahawa ikanywewa, ikaamuliwa yamalizwe kifamilia ili jina lisichafuke. Kule kujuana mnakokusifia ndiko kulikonyamazisha. Baba angekuwa hana mtu wa kumwogopa kwenye ukoo, pengine angekwenda polisi.

Kwa hiyo mimi nina watoto, nina ukuta, na ndugu hawalali kwangu. Mleta uzi akiniuliza wanangu watakula kwa nani, nina jibu: kuna wanawake wawili tu niliowachagua, si damu yangu, na wanangu wamefundishwa kwamba hata kwa hao wakiguswa vibaya waje waseme na nitawaamini. Msinihukumu kwa uchache.

---

Mama_Nasri

Hakuna wa kukuhukumu dada. Pole sana.

---

Ustawi_Mstaafu

Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii wilaya mbalimbali hadi nilipostaafu, niruhusuni niandike kwa kirefu.

Kwanza kwa Sitaji Jina. Uliyoyasema nimeyakuta mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Wenye watoto muwe na namba 116, Simu ya Mtoto, inapigwa bure, na vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Kesi ya ukatili wa kingono haimalizwi na kikao cha ukoo. Mwenyekiti wa kikao cha namna hiyo anaficha kosa la jinai.

Pili, ndoa. Walioletwa mezani kwangu wakiwa na hali mbaya hawakuwa wote watoto wa talaka. Kundi baya kabisa, kwa macho yangu, ni watoto ambao baba na mama wanaishi pamoja na wanapigana mbele yao kwa miaka. Wanakojoa kitandani wakiwa darasa la sita. Wanashtuka mlango ukifungwa kwa nguvu. Amato na Keith mwaka 1991 walijumlisha tafiti 92 za talaka, wakakuta kwamba watoto wa talaka wako nyuma, lakini kwa kiasi kidogo kuliko watu wanavyodhani, na kwamba watoto wa ndoa zenye ugomvi mkubwa hawakuwa na nafuu yoyote kuliko wa talaka. Sisemi watu waachane. Sheria ya Ndoa ya 1971 yenyewe inataka mpite baraza la usuluhishi kabla ya kwenda kudai talaka mahakamani, na mabaraza mengine yanafanya kazi nzuri sana.

Tatu, yale ya Mama Nasri ya kutofunga mlango wa upande wa pili. Natamani ningekuwa na maneno yake enzi za kazi. Wazazi wakiachana, mapigano yanakuwa juu ya nani anamchukua mtoto, na kila mmoja analeta ukoo wake nyuma kama jeshi. Sheria ina dhana kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 ni vizuri akae na mama, lakini dhana hiyo inapingika, na kifungu hicho hicho kinaitaka mahakama iangalie ubaya wa kuyavuruga maisha ya mtoto kwa kumhamisha hamisha. Wanasheria wanausoma mstari wa kwanza kwa sauti, wa pili kwa kunong'ona. Mimi nilikuwa nauliza: anasoma wapi, anacheza na nani, nani anamsuka, nani anampa uji? Kama vyote viko Temeke, kwa nini tunampeleka Arusha?

Nne, matunzo. Nilikuta bado inatumika sheria ya kikoloni iliyoweka ukomo wa shilingi 100 kwa mwezi kwa mtoto wa nje ya ndoa. Shilingi mia, hainunui hata nyanya. Sheria ya Mtoto ya 2009 iliifuta. Sasa mahakama inaangalia kipato cha wote wawili.

---

Pwani_Moja (Mombasa)

Huku Kenya katiba ya 2010, kifungu cha 53, imesema wazi kuwa mtoto ana haki ya kutunzwa na wazazi wote wawili, majukumu sawa, wawe wameoana au hawakuoana. Kwa hivyo mambo ya "sikumuoa" hayana nguvu tena mbele ya hakimu, ingawa kumpata mwenyewe ndiyo kazi.

Niliyoyaona hapa Majengo ni kwamba chama cha akina mama kimefanya mengi kuliko korti. Mwanachama akijifungua wenzake wanapika, akifiwa wanakuja na sufuria zao. Lakini kuna kasoro na nitaisema: asiye na cha kuchanga hukaa nje. Na huyo ndiye mtoto wake anayehitaji zaidi. Mleta mada anasema watu, watu. Watu wana gharama. Maskini kabisa hawezi hata kuwa na marafiki, maana kila urafiki una mchango.

---

Mwalimu_wa_Zamu

Pwani Moja umesema jambo zito, naliacha lipite kwanza nitoe la kwangu.

James Coleman, wa Chuo Kikuu cha Chicago, mwaka 1988 aliandika juu ya hili hili la mleta uzi. Hoja yake: haitoshi mzazi kumjua mwanawe, wala watoto kujuana wao kwa wao. Kinachofunga mzunguko ni wazazi wa marafiki kujuana. Hapo ndipo sheria za nyumba yako zinafanya kazi hata nyumba ya jirani. Alitaja mama mmoja wa watoto sita aliyehama kutoka pembezoni mwa Detroit kwenda Jerusalem, na sababu moja ni kwamba kule watoto wangeweza kupanda basi la mjini bila mzazi, maana watu wazima waliokuwa karibu wangewaangalia.

Nafundisha shule ya kulipia, watoto wa magari ya njano. Wanatoka Kigamboni, Goba, Kibamba, Ukonga. Rafiki kipenzi wa mtoto anakaa kilomita thelathini. Wazazi wao wako kundi moja la WhatsApp na hawajawahi kuonana. Kundi lenyewe ni risiti za ada na "asante mwalimu". Mtoto akianza kubadilika darasa la sita, mimi naona, dereva anaona, mzazi ni wa mwisho. Shule ya msingi ya kata pale jirani ina msongamano, madawati hayatoshi, lakini mtoto akitoroka, mama ntilie wa getini anampigia mama yake.

Ile amri ya mwanzoni mwa 2023 ya kuzuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, wazazi wengi walilia. Niliielewa Wizara. Niliwaelewa na wazazi. Walikuwa wanapeleka bweni mtoto wa miaka sita kwa sababu hawakuwa na bibi karibu, na hakuna aliyewaambia bibi watamtoa wapi.

---

Mtanga_Muscat

Asalaam alaykum. Nawasoma nikiwa jikoni kwa watu, bosi amelala.

Mimi ni mama ninayelea kwa simu. Mwanangu yuko Tanga kwa mama yangu, ana miaka tisa. Hela inakwenda kila mwezi, alhamdulillah, nyumba imeezekwa, mtoto anasoma. Lakini nikisema nyie mnanisema na nisiposema moyo unasema: ananijibu kwa adabu kama anaongea na mgeni. Bibi ndiye mama.

Nilichokifanya ni kuwaomba watu, si kuwaachia tu. Kabla ya kuondoka nilikwenda nyumba kwa nyumba: kwa mwalimu wake wa chuo, kwa muuza duka, kwa kaka yangu, kwa mke wa kaka yangu ambaye hatukuwa tukipatana. Huyo ndiye nilimwomba kwa magoti, maana ndiye anayekaa karibu. Nikamaliza ugomvi wetu wa zamani kwa ajili hiyo tu. Leo ndiye anayenipigia video mtoto akiwa na homa, wakati kaka yangu wa damu hajui hata darasa lake.

---

Mkazi_wa_Chanika

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Sitaji Jina, umenilazimisha kurekebisha swali langu kichwani. Nilikuwa nauliza ni wangapi, wewe unauliza nani anamwamini mtoto akisema. Hayo ni mambo mawili na nadhani bila la pili la kwanza ni hatari.

Pwani Moja, kuhusu gharama sina la kupinga. Ila kwa upande wetu wa geti shida si mchango, ni muda. Watu wa Chanika tuna hela ya mchango na hatuna saa ya kukaa msibani. Jumuiya ndogondogo ya mtaani kwetu husali Jumamosi asubuhi, na Jumamosi ndiyo siku pekee ninayolala.

Na Kifimbo, mimi siikatai ndoa, nimo ndani yake. Ila naona ndoa yangu ilikuwa imara zaidi tulipokuwa na watu wa kutusuluhisha ukutani. Sasa tukinuniana tunanuniana sisi wawili, watoto katikati, na mbwa nje.

---

Kifimbo_cha_Mzee

Hapo tumekutana. Ndoa bila wazee ni watu wawili wenye cheti. Lakini msimamo wangu kuhusu wanaume wanaokimbia mimba uko pale pale, na wala Mama Nasri hawezi kunipinga kwa hilo.

---

Mama_Nasri

Sikupingi. Kwanza niletee huyo aliyekimbia, ada ya muhula wa pili inakaribia.

---

Bibi_wa_Kihonda

Ustawi Mstaafu, samahani naingia mwishoni. Mjukuu nimemlea tangu anatambaa, mwanangu alipokuwa kazini na mkewe anasoma. Wameachana, mama wa mtoto amemchukua na amehama kutoka huku Morogoro, hapokei simu. Simtaki mtoto, namtaka anione. Nina haki yoyote au ni basi?

---

Ustawi_Mstaafu

Shikamoo mama. Sheria ya Mtoto ya 2009 haimtaji mzazi peke yake. Ndugu ambaye amekuwa akimlea mtoto naye anaweza kuomba mahakama impe ruhusa ya kumwona kwa vipindi. Usianzie mahakamani lakini. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako, mweleze umemlea kuanzia lini, chukua kadi yake ya kliniki kama unayo na jina la mwalimu wake wa awali. Atamwita mama wa mtoto kwa barua, au ataandika kwa mwenzake wa huko alikohamia. Wengi hukubali wakishaona hujaja kumnyang'anya. Nenda peke yako au na mtu wa kanisani, mwanao usiende naye siku ya kwanza.